Rahisi kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ni buibui gani wa karatasi aliye rahisi zaidi kutengeneza pamoja na mtoto wa chini ya miaka mitano?" Nimelisoma swali lenu, nikaliweka jarida pembeni, nikaendelea na shughuli zangu, kisha nikajikuta nimelirudia. Neno lililonikera ni hilo "rahisi". Rahisi kwa nani?

Maana nijuavyo mimi, buibui karibu wote wanaosifiwa kwa urahisi ni rahisi kwa mtu mzima. Mzazi anakata duara, anakata vipande vinane vya miguu, anavikunja, anavipaka gundi, ndipo anaita: njoo mwanangu ubandike jicho. Mtoto anabandika jicho, anapigiwa makofi, anapigwa picha kamshika buibui, na kabla ya jioni ukoo mzima umeshatumiwa: "Tazameni alichotengeneza!" Alichotengeneza ni jicho.

Kwa hiyo sitajibu ni yupi rahisi. Nitajibu lile ambalo naona ndilo mlipaswa kuuliza, yaani mkono wa mtu mzima uishie wapi. Na msimamo wangu nautoa mapema: uishie mfukoni. Mtoto apewe karatasi, mkasi wa ncha butu na gundi, kisha aachwe.

Ila nisije nikaonekana nimelikwepa swali. Wa haraka kuliko wote ni buibui wa viganja. Mtoto analaza kiganja juu ya karatasi nyeusi, dole gumba amelificha, mnachora kuzunguka vidole vinne. Cha pili vivyo hivyo. Vikikatwa na kubandikwa viganja vikipandana, vidole vikatazama nje huku na huku, miguu minane imepatikana bila hata kuhesabu. Dakika kumi kazi imekwisha. Sina ugomvi naye. Tumewatengeneza wengi nyumbani kwangu na simkumbuki hata mmoja.

Ninayemkumbuka ni wa mikunjo, yule ambaye miguu yake hukunjwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi inacheza ukimning'iniza kwa uzi.

Mwanangu alikuwa na miaka minne na miezi kadhaa. Mvua ilikuwa imetufungia ndani tangu asubuhi. Nilimpa karatasi ya manila nyeusi, nikamwambia tunatengeneza buibui, na kwa kuwa nilikuwa na msimamo huohuo niliousema hapo juu, nikaikalia mikono yangu. Si kwa mfano. Niliiweka chini ya mapaja nikaikalia.

Alianza na duara la mwili. Mtoto wa umri huo akikata duara huzungusha mkasi badala ya kuzungusha karatasi, mwisho kiwiko kinaelekea dirishani na mkasi haufiki. Lilitoka kitu chenye pembe tatu au nne, kama jiwe la barabarani. Nikanyamaza. Akakata miguu: mmoja mpana kama rula, mwingine mwembamba kama uzi, mwingine umeanza mpana ukaishia ncha. Nikanyamaza.

Ukafika wakati wa kukunja. Akakunja mbele, akakunja tena mbele, akakunja tena, na kipande kikajiviringisha kama mkeka. Akakifungua, akaanza upya. Mkeka tena. Mara ya tatu nilimwona mdomo unaanza kutetemeka, ndipo nikasema neno moja: "Geuza."

Hilo alilichukua. Kunja, geuza. Kunja, geuza. Alikuwa analisema kwa sauti, ulimi umetoka pembeni, na kila mkunjo anaubana kwa ukucha wa dole gumba hadi ukucha unakuwa mweupe. Alipomaliza akakishika kipande ncha mbili, akakivuta, akaachia. Kikarudi kama springi. Akavuta tena. Akaachia. Nadhani alifanya hivyo mara kumi na tano kabla ya kukumbuka kwamba ule ulikuwa mguu na una mwenyewe anayeusubiri.

Kufika mguu wa tano alikuwa amechoka, na hilo nililiona dhahiri. Gundi aliimwaga hadi ikafanya kidimbwi, manila ikanywa maji yake na kuanza kujikunja kingo. Akabandika mitatu upande mmoja na miwili upande wa pili.

"Baba, nimemaliza."

"Ana miguu mingapi?"

Akahesabu kwa kidole. "Mitano."

"Buibui ana minane."

Akamtazama kwa muda, kama daktari anayemtazama mgonjwa. "Mingine bado haijaota."

Tulimning'iniza mlangoni. Aliinamia upande wa miguu mitatu, mwili unapinda kwa gundi, lakini miguu ilikuwa inacheza kweli kweli kila mtu akipita.

Sasa hapa, Mhariri, ndipo ninapoona aibu. Usiku, watoto wamelala, nilipita pale mlangoni nikamwona amepinda. Nikajiambia nitamwongezea uzito upande wa pili tu, anyooke. Nikakata kipande. Kwa kuwa tayari nilikuwa nimeshika mkasi, nikakata viwili zaidi. Nikavikunja kwa rula, mikunjo sita kila kimoja, kwa sababu mguu wa buibui una vipande saba na mikunjo sita inatoa vipande saba (naam, nilikwenda kutafuta). Halafu nikaona mwanangu amebandika miguu tumboni, wakati miguu ya buibui hutoka sehemu ya mbele, ile yenye kichwa, na tumbo hubaki nyuma halina mguu hata mmoja. Nikakata duara dogo la mbele. Nikakaa na gundi usiku huo, mtu mzima mwenye akili zake, natengeneza buibui wa mtoto aliyelala. Kama mke wangu asingetoka kunywa maji akanikuta, nadhani ningeweka na macho manane.

"Unafanya nini?"

"Namnyoosha."

Hakusema kitu. Alizima taa ya jikoni akarudi kulala.

Asubuhi mtoto akasimama chini yake, shingo nyuma.

"Huyu nani?"

"Ni buibui wako."

"Wangu ana mitano."

Na mimi, kwa kudhani nina busara, nikamrudishia maneno yake mwenyewe: "Mingine imeota usiku."

Akavuta kiti, akapanda. Akaugusa mguu mmojawapo, akaukagua. "Hii umekunja wewe. Imenyooka." Kisha akaanza kuing'oa. Gundi ilikuwa imekauka vizuri, kazi ya fundi, kwa hiyo kila mguu wangu ulitoka na kipande cha tumbo la buibui wake. Nilidhani atalia. Hakulia. Alishuka, akaniwekea miguu mitatu kiganjani, akasema, "Chukua miguu yako."

Nimeshasimuliwa mengi kuhusu malezi na sijawahi kuambiwa jambo lililonikaa kama lile.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba buibui wa kweli anaweza kupoteza mguu, akaendelea kuishi, na kama bado ni mchanga mguu huo huota tena anapojivua ganda lake ili akue, ingawa mara nyingi hurudi mfupi na mwembamba kuliko wenzake. Aliyekomaa na kuacha kujivua ganda ndiye hubaki hivyo hivyo. Kwa hiyo "mingine bado haijaota" ilikuwa karibu na ukweli kuliko rula yangu. (Na kabla sijaandikiwa: najua buibui si mdudu kwa hesabu za wataalamu, ndugu zake ni nge na kupe. Kwa Kiswahili cha kila siku kila kitambaacho ni mdudu, na sikusudii kumsahihisha mtu wa miaka minne hilo nalo.)

Nilikusudia kuishia hapo. Mkono mfukoni, asanteni. Lakini nikisoma nilichoandika naona nimejiumbua, kwa sababu lile neno "geuza" nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Bila hilo mtoto angekuwa bado anaviringisha mikeka na buibui asingekuwepo wa kugombaniwa. Tena manila nilimpa mimi, na uzi niliufunga mimi. Mkono haukuwa mfukoni hata siku ile niliyoukalia.

Halafu kuna dada yake. Alipofika miaka mitatu nilimpa karatasi na mkasi nikamwacha, msimamo ule ule. Aliikatakata karatasi yote ikawa vipande vidogo kama ukucha, akafurahi mno, na mimi nikajipongeza. Kisha akamwona buibui wa kaka yake, akataka buibui. Hakuwa na buibui. Alikuwa na takataka. Sijui kama nimewahi kusikia kilio cha haki kama kile.

Mara iliyofuata nilikata vipande vya miguu mwenyewe, vipana, kama sentimita 2 kwa 15, maana vyembamba vinamshinda mtoto wa miaka mitatu kuvishika. Nikakata na duara. Yeye akakunja, akabandika, akamaliza. Yaani nilifanya kile kile nilichokicheka mwanzoni mwa barua hii.

Basi niseme hivi. Kwa aliye chini ya miaka minne, kateni ninyi. Mkasi unamaliza subira yake yote kabla hajafika kwenye kukunja, na raha yote ya buibui huyu iko kwenye kukunja. Ila kateni mbele ya macho yake, asikute miguu imejikata. Na msikate minane. Mimi hukata kumi na miwili hivi, nikaiweka mezani, achague anayoitaka. Wa miaka minne na kuendelea akate mwenyewe, mkimfundisha kuzungusha karatasi na kuutuliza mkasi. Gundi itiwe kidogo kwenye kifuniko na apewe brashi. Huo ndio ushauri wangu pekee ambao sijaubadilisha tangu nianze kuandika. Macho ya plastiki yale yanayochezacheza, kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, yaacheni kabisa, yanamezeka na yanakaba. Yachoreni kwa chaki nyeupe. Buibui wengi wana macho manane, lakini mawili ya chaki hayajawahi kulalamikiwa.

Na hesabu? Hapo bado sijatulia. Kuna siku naona mtoto akiambiwa minane ni minane, ndiyo faida ya kumchagua buibui badala ya, tuseme, jongoo. Siku nyingine namkumbuka yule aliyeinama mlangoni. Siku hizi nahesabu pamoja na mtoto kwa sauti, nasema "buibui ana minane", halafu nanyamaza. Wakati mwingine huongeza miguu. Binti yangu aliwahi kufika kumi na moja, akasema huyu ana haraka. Akishasema nimemaliza, amemaliza. Sigusi, hata akipinda, hata usiku.

Kwa hiyo jibu langu, kama mtalichapisha: buibui wa mikunjo, vipande vikiwa vimekatwa tayari kwa wadogo. Na nafasi ikiwabana, ondoeni kule juu niliposema mkono uishie mfukoni. Ile ya jicho iacheni.

Msomaji wenu, baba wa watoto wawili