Maswali na Majibu: Conques, kijiji kilichoificha dhahabu yake

Makala yangu kuhusu Conques, kijiji cha bondeni kusini mwa Ufaransa chenye abasia ya kale (makao ya watawa), imeleta maswali. Najibu manne.

Nani alianzisha abasia hiyo?

Mkaapweke aitwaye Dadon, mwishoni mwa karne ya 8. Alikwenda kusali peke yake. Watu wakamfuata, na baadaye wakawa wamonaki wa Kibenedikto.

Ni kweli masalia (mabaki ya mwili) ya Mtakatifu Foy yaliibwa?

Kweli, na waliosimulia ni wamonaki wenyewe. Foy alikuwa binti mdogo aliyeuawa kwa imani yake mjini Agen. Katika karne ya 9 mmonaki wa Conques alihamia huko, akakaa miaka mingi hadi akaaminiwa kulilinda kaburi, kisha akatoroka na masalia. Conques walijitetea kwamba mtakatifu hachukuliki asipotaka. Mimi nasema ni wizi, na nawaonea huruma watu wa Agen. Lakini bila wizi huo kanisa tunalolistaajabia lisingekuwepo. Mahujaji waendao Santiago de Compostela, huko Hispania, walianza kupitia Conques, na sadaka zao zikasaidia kulijenga katika karne ya 11 na ya 12. Juu ya mlango mkuu ilichongwa Hukumu ya Mwisho yenye watu na malaika 124. Mkulima asiyejua kusoma aliisoma kwa macho.

Sanamu ya dhahabu ya Foy ilinusurikaje wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Miaka ya 1790 serikali ilikuwa ikichukua dhahabu na fedha za makanisa ili ziyeyushwe. Wanakijiji wa Conques waliiwahi: wakagawana hazina na kuificha majumbani. Hatari ilipopita, wakairudisha. Fikiria umaskini wa kijiji kile, halafu fikiria dhahabu iliyolala chini ya paa la mkulima!

Kanisa lenyewe nalo lilikaribia kuanguka. Mwaka 1837 Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, aliliona katika hali hiyo, akaandika ripoti, na ukarabati ukafuata. Vioo vya sasa, visivyo na rangi, ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez iliyo jirani. Madirisha ni 104, yalikamilika mwaka 1994.

Watawa bado wapo?

Wapo, ila si Wabenedikto. Tangu 1873 ni Wapremonstratensi, shirika jingine la Kikatoliki. Hupokea mahujaji waendao kwa miguu, huwapa malazi, na jioni huwabariki kabla hawajaendelea na safari.