Mgomo utaisha lini? Maswali yenu kuhusu kupima urefu wa migomo

Wastani wa mgomo ni siku ngapi, nijipange?

Wastani utakudanganya. Migomo mingi huisha mapema, halafu ipo michache inayovutwa miezi na miezi na hiyo ndo inapandisha wastani. Hapa Kenya madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, manesi 2017 miezi mitano, madaktari tena 2024 siku 56. Angalia namba ya katikati, yaani siku ambayo nusu ya migomo imeshaisha.

Data yangu ina mgomo ambao bado unaendelea, niufute?

Usifute tafadhali! Hii naiona kila mara na inaniuma, coz inayoendelea mara nyingi ndo ile mirefu, ukiitoa unabaki na mifupi tu, alafu unaenda kuwaambia watu migomo huisha haraka wakati kuna mama anarudishwa getini hospitalini saa hii. Na usijifanye imeisha leo pia. Andika "siku ya 40, bado". Kaplan na Meier, wanatakwimu, walitoa njia 1958, kila siku unahesabu migomo iliyokuwa bado inaendelea ni mingapi na iliyoisha siku hiyo ni mingapi, unapata sehemu iliyovuka siku hiyo, unaizidisha na za siku zilizotangulia, basi, hata eksel inatosha. Ule wa "siku ya 40, bado" unahesabiwa mpaka siku ya 40 tu.

Ukishakaa sana si ndo uko karibu kuisha?

Sio lazima. Mchumi Tony Lancaster 1972 alichukua migomo ya Uingereza akaiona kama umbali kati ya pande mbili, wafanyakazi na mwajiri, unaopungua huku ukiyumba mpaka zikutane. Kwa modeli yake nafasi ya kuisha inapanda mwanzoni alafu inashuka. Lakini inaweza kushuka pia kwa sababu migomo myepesi ishatoka, imebaki ile migumu, na kutenganisha hayo mawili ni kazi kwelikweli.

Uchumi unachangia?

Mchumi John Kennan 1985 aliangalia viwanda vya Marekani akakuta uzalishaji ukiwa chini migomo inarefuka. Mimi singebeba hiyo nzima nzima mpaka hospitali za serikali, maana kiwanda kikifungwa mwenyewe anapoteza mauzo, serikali haipotezi mauzo, anayeumia ni mgonjwa. Ule wa siku 100 ulihusu mkataba uliosainiwa 2013 na haukutekelezwa, kwa hiyo weka safu ya "kuna makubaliano ya zamani hayajalipwa: ndiyo/hapana" kabla hujagusa mfumuko wa bei.

Niandike tarehe gani ya mwisho, ya kusaini au ya kurudi kazini?

Zote mbili, safu tofauti.