Usimtaje baba mdogo Jumamosi: yaliyonipata mimi na shangazi

Ahirisha hicho kikao. Umeandika kwamba Jumamosi unasimama mbele ya ukoo kusema baba mdogo ndiye aliyekuunguza mkono ukiwa na miaka miwili, kwamba picha nzima imekurudia baada ya wiki sita kwa mshauri, na unauliza uanzie wapi kuongea. Usianze, mdogo wangu. Mimi nilianza, na mpaka leo shangazi yangu hanywi hata maji nyumbani kwangu.

Nina kovu la kuungua pajani. Nilikua nalo bila kulijali. Nilipofika miaka thelathini usingizi ukanipotea, nikaenda kwa mtu anayejiita mshauri wa majeraha ya utotoni. Hakuniuliza kama namkumbuka aliyeniunguza. Alisema nifumbe macho, kisha: "Sufuria kaishika nani? Amevaa nini?" Siku ya kwanza sikuona kitu. Akaniagiza nijaribu kila usiku kabla ya kulala. Wiki ya tatu nikamwona shangazi: khanga ya njano, ukuta wa kijani nyuma yake, uji unamwagika. Nililia mpaka nikatetemeka, nikajiambia machozi kama haya hayawezi kuwa ya uongo.

Nikayasema kwenye arobaini ya bibi, watu wote wamekaa mkekani. Shangazi hakujibu. Alivuta khanga yake akajifunika uso, na saa moja baadaye alikuwa stendi akisubiri basi la usiku, chakula hajakigusa. Mama aliniambia palepale kwamba si kweli. Nikaona anamkingia kifua wifi yake.

Miezi minane baadaye nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa kwenye sanduku la mama, nikaikuta kadi yangu ya kliniki. Nesi ameandika kwa kalamu ya bluu, nikiwa na mwaka mmoja na miezi minne: ameungua paja, uji. Enzi hizo tulipanga chumba kimoja cha matofali yasiyopigwa hata plasta. Ukuta wa kijani ni wa nyumba tuliyohamia nikiwa darasa la pili, na humo ndimo shangazi alipokuja kukaa nasi. Nilichukua ukuta wa nyumba moja, kovu la nyumba nyingine, na sura ya mtu aliyekuwa akinichapa nikiwa na miaka minane, nikavishona pamoja. Bakuli la uji nililivuta mwenyewe, mama alipogeuka kuchukua kijiko.

Yule mshauri sijamsamehe, kwa sababu mambo haya yanajulikana siku nyingi. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, huko Marekani, waliwapa watu 24 visa vya utoto wao, vitatu vya kweli kutoka kwa ndugu zao na kimoja cha kutunga: kwamba waliwahi kupotea madukani wakiwa na miaka kama mitano. Robo yao walikikumbuka, kizima au nusunusu. Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza akili za watoto, alikua akiona waziwazi yaya wake anapambana na mtu aliyetaka kumwiba kwenye kigari cha mtoto, Paris. Alipokuwa na miaka kama 15, yaya akaandika barua kukiri kwamba alikitunga kisa chote. Na wengi wetu hatukumbuki kitu cha kabla ya miaka mitatu hivi. Anayelipwa kuchokonoa utoto wa watu alipaswa kuyajua hayo kabla hajaniambia nifumbe macho.

Kabla hujataja jina la mtu, chukua daftari uandike: jambo hili nilianza kulikumbuka lini, nilikuwa na nani, na aliniuliza nini hasa. Andika peke yako kabla hujaongea na dada yako, maana ukishaongea naye utaanza kukumbuka na ya kwake. Sisemi baba mdogo hana kosa. Huenda analo, na walioumizwa kweli wapo wengi. Lakini kama picha yote ilianza baada ya swali la mshauri, bado huna cha kumsimamishia mtu kikaoni.

Shangazi nilimfuata Tabora na ile kadi mkononi. Aliisoma, akanirudishia, akasema "nimeona", akaendelea kuchambua mchele. Huu ni mwaka wa tatu. Muulize mama kadi yako ya kliniki iko wapi, muulize leo.