Kinanda si sharti kwa somo la muziki kidato cha kwanza

Dada mmoja ameuliza kama mtoto anayeanza muziki kidato cha kwanza ni lazima awe na kinanda nyumbani na ajue kusoma nota, yaani alama za muziki. Hapana dada, halazimiki. Kumfundisha nota ndiyo kazi ya somo lenyewe. Nafundisha muziki huku Temeke, na mwanzoni tunahangaika zaidi na mapigo: darasa zima linapiga makofi manne sawasawa, kisha nusu yao wanagawa kila pigo mara mbili bila kukimbia, yaani bila kuongeza kasi. Kukimbia ndiyo ugonjwa wao! Baadaye tunaimba do re mi, ndipo tunaingia kwenye mistari mitano ya kuandikia nota: nota ya semibrevi ina mapigo manne, minimu mawili, krocheti moja. Aliyepitia kwaya ya kanisani huwa ameshazoea solfa, yaani hizo do re mi, ila kwenye mistari wengi wanaanza sawa na wenzao.

Mnunulie daftari la muziki, penseli na ufutio. Kalamu ya wino aiache, maana kufuta ni kila siku. Kama shule ni ya mtaala wa kimataifa uliza kwanza, baadhi huagiza rekoda (aina ya filimbi), na hiyo huipati kila duka la vifaa vya shule.