Shangazi anajibu: Mume akisafiri nataka kuwekewa vigimbi

*Shangazi, nina miaka 34, niko mwaka wa sita kwenye ndoa. Miguu yangu ni njiti, na wa kushoto umezidi kusinyaa tangu mwaka jana. Nachekwa nikivaa gauni fupi. Nimepata daktari wa kuniwekea vigimbi vya silikoni. Mume wangu hataki, anasema kwanza nikapimwe. Najua ni wivu tu, anaogopa nitapendeza na kutazamwa. Mwezi ujao anasafiri siku kumi. Nataka akirudi akute kazi imeisha. Nifiche vipi? – Njiti*

Binti yangu, kuchekwa maumbile kunauma. Pole. Sasa tuseme ukweli.

Nimemtafuta huyo mume mwenye wivu katika barua yako, sijamwona. Niliyemwona ni mtu aliyesema "kapimwe kwanza", na ana haki. Wewe mwenyewe umelipitisha jambo zito kuliko yote kama mtu anayetaja rangi ya gauni: mguu wa kushoto umezidi kusinyaa tangu mwaka jana. Aliyeumbwa na miguu myembamba kwa kawaida huwa nayo myembamba yote miwili. Mguu mmoja unaopungua ukubwani lazima upewe sababu. Huenda neva imebanwa kiunoni, huenda ni ugonjwa wa neva au wa msuli wenyewe, huenda uliumia zamani ukazoea kuuegemea wa kulia. Shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino mara kumi, kisha badilisha. Kushoto kukishindwa mapema, au ukiwa na ganzi, au maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, mtangulize daktari wa neva, wa urembo atasubiri. Hata ukiona uko sawa, kapimwe. Silikoni hujaza soksi, haiupi msuli nguvu, na chanzo kitaendelea kula chini yake. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuseme vipimo vimetoka vizuri. Unalazwa usingizi kamili au unachomwa ganzi ya mgongoni. Daktari anakata sentimita tatu hadi tano hivi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, ili kovu lijifiche humo. Anafungua utando mgumu unaofunika msuli wa kigimbi, anatengeneza mfuko kati ya utando na msuli, anasukuma kipandikizi, yaani hicho kigimbi cha silikoni, ndani, anashona. Kila mguu huwekewa kimoja upande wa ndani, au viwili, ndani na nje. Kazi yote ni kama saa moja hadi mbili. Ukubwa hauchaguliwi kwa picha za kwenye simu. Ngozi yako na ule utando ndivyo vinavyoamua nafasi iliyopo, na anayelazimisha kikubwa ndiye anayejitafutia matatizo nitakayokutajia. Halafu jua hili, maana wengi huambiwa wakiwa wameshalipa: kifundo cha mguu hakinenepi. Kipandikizi kinajaza juu, pale msuli ulipo, kule chini kunabaki kulivyo.

Sasa hizo siku kumi zako. Siku mbili tatu za mwanzo maumivu ni ya kubanwa, na yanazidi kila ukisimama kwa sababu damu inashuka. Miguu inakaa juu ya mito, juu ya usawa wa moyo. Lakini kulala moja kwa moja nako hapana, lazima utembee kidogo kidogo hadi chooni na kurudi, damu isigande kwenye mishipa. Kisigino hakitataka kugusa chini. Kiatu chenye kisigino kifupi husaidia. Soksi za kubana utavaa wiki nne hadi sita, kadiri daktari atakavyosema. Kazi ya kukaa mezani unairudia baada ya wiki moja au mbili, kukimbia na kuruka baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mume anafungua mlango siku ya kumi anakukuta na soksi hadi magotini, vifundo vimevimba, unatembea kwa vidole. Utamwambia umeteguka miguu yote miwili? Na usiku mkono wake ukipita hapo?

Ila kufumaniwa si kitu, kuna cha kuogopa zaidi. Uvimbe na damu vikizidi chini ya utando ule usionyumbuka, presha inapanda hadi msuli unakosa damu. Hutokea mara chache, lakini msuli hufa ndani ya saa chache, hausubiri kesho. Dalili zake: maumivu yanayoongezeka hata baada ya dawa, kigimbi kigumu, ganzi kwenye unyayo, vidole vya mguu vikivutwa kuelekea juu unapiga kelele. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo. Usiku wa manane, mume yuko safarini, hakuna anayejua, nani atakubeba? Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na kuwa wa moto, au ukakosa pumzi ghafla, huenda damu imeganda, nenda vilevile. Ndiyo maana daktari lazima ajue kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au unavuta sigara. Usaha na homa mara nyingi maana yake kipandikizi kinatolewa, na hukirudishi ila baada ya miezi. Vingine havikimbizi mtu hospitali ila vinakera: kipandikizi kuhama, ukingo wake kuonekana kwa wenye ngozi nyembamba, ganzi pembeni mwa mguu, kovu la kuvimba kama mwili wako una tabia hiyo.

Ndoa za siku hizi zimekuwa za kuviziana. Mkopo unafichwa, simu inafichwa, sasa na miguu! Mwenzio akisema "subiri" anaitwa adui, rafiki akisema "fanya tu" anaitwa mwelewa, na huyo rafiki hatakuja kukushika mkono kwenda chooni. Mwili ni wako, sikatai, na uamuzi ni wako. Lakini mgonjwa wa upasuaji anahitaji mtu ndani ya nyumba, na wewe umechagua wiki ambayo mtu wako hayupo.

Zipo njia nyingine. Mafuta ya tumbo au mapaja yanaweza kuhamishiwa kwenye kigimbi. Sehemu yake hufyonzwa na mwili, huenda ukarudia. Mazoezi ya kunyanyua visigino, goti likiwa limenyooka kwa msuli wa juu na likiwa limekunjwa kwa ule wa chini, huongeza kidogo baada ya miezi mingi.

Na huyo daktari uliyempata, je, aliuliza kwa nini mguu wa kushoto unapungua? Barua yako haisemi. Kama alipima unene kwa futi kamba akataja bei, usirudi kwake. Mpe mumeo barua hii aisome kabla hajasafiri, kisha mwombe akusindikize kwenye vipimo.