Padri Mfaransa na Chuo cha Msituni

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mwanangu anayesoma Unguja ameniambia kuwa Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani kilianzishwa na padri Mfaransa aliyefika huko hana fedha, na Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Mgeni wa namna hiyo aliwezaje kuongoza chuo? Kilikuwa chuo kweli tangu mwanzo? Na mwishowe alirudi kwao? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waaleikum salaam. Mwanao hakukosea. Padri huyo ni Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika la watawa wa Kikatoliki, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1814. Alifika mahali hapo, kaskazini mwa jimbo la Indiana, tarehe 26 Novemba 1842, pamoja na mabruda (watawa wanaume wasio mapadri) wachache. Askofu alikuwa amewapa ekari 524 kwa sharti kwamba chuo kijengwe ndani ya miaka miwili. Palikuwa na maziwa mawili, lakini jina alilopaita, Notre Dame du Lac, yaani Mama Yetu wa Ziwa, lina ziwa moja tu. Husimuliwa kuwa theluji iliyafunika yote mawili yakaonekana kama moja.

Ama kuhusu swali lako la pili, sisi watu wa visiwani halipaswi kututatiza. Wazee wetu waliposema mtoto yuko chuoni, walikusudia kibarazani kwa mwalimu, ambako mtoto wa miaka sita alikaa mkekani na juzuu yake. Bunge la Indiana lilimpa Sorin hati ya chuo kikuu tarehe 15 Januari 1844, lakini kwa miaka mingi waliojaa madarasani walikuwa watoto na vijana wadogo waliokuwa bado wanafundishwa kusoma na hesabu, huku wengine wakifunzwa kazi za mikono. Mzazi aliyekosa fedha aliweza kulipa karo kwa mifugo au mazao, jambo ambalo mwalimu yeyote wa chuo aliyewahi kupelekewa kuku na pishi ya mchele atalielewa bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo kuongoza kwake kulikuwa zaidi kulisha watu, kuezeka mapaa na kuwasubirisha wenye kudai. Mwaka 1850 aliwatuma baadhi ya mabruda California kutafuta dhahabu ili madeni yalipwe. Dhahabu haikupatikana, na mmoja wao akafia huko. Afadhali jambo la posta: mwaka 1851 alifanikiwa kupata ofisi ya posta pale pale chuoni, na mkuu wa posta akawa yeye mwenyewe, mhamiaji aliyekuwa na miaka kumi tu nchini humo.

Mwaka 1854 maradhi yaliwaua watawa wengi, na lawama ikaangukia kinamasi kilichokuwa karibu na maziwa, ambako maji yalituama kwa sababu ukuta wa jirani uliyazuia yasiteremke mtoni. Jirani alikubali kuuza ardhi yake, kisha akageuka. Sorin akawatuma wanaume wenye nguvu, wakauvunja ukuta ule, maji yakatoka, na jirani akauza. Sitasema kuwa alitenda haki, maana mali ya mtu ni mali ya mtu. Lakini ndivyo alivyokuwa. Hata mkuu wake wa shirika alipomwamuru mwaka 1852 aende Bengal, huko Bara Hindi, kuongoza misheni, alikataa, na ugomvi huo nusura uitenge jumuiya yake na shirika.

Tarehe 23 Aprili 1879 jengo kuu liliteketea. Sorin, mwenye miaka 65 na ndevu nyeupe, aliamuru lijengwe kubwa zaidi, na Septemba ya mwaka huo huo wanafunzi walikuwa wamerudi darasani.

Ufaransa alikwenda mara nyingi kwa safari za shirika, lakini hakurudi kuishi. Alifia Notre Dame tarehe 31 Oktoba 1893, mwaka ambao hapa Unguja lilianza kujengwa kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile tunaloliita Minara Miwili, na akazikwa huko huko pamoja na watawa wenzake.