Re: Kiki (dramu ya kupiga kwa mguu) ya dramu za umeme inalia mara mbili nikikanyaga mara moja

Mkuu, cheki mguu wako kabla ya kulaumu mashine. Ukiing'ang'aniza nyundo ya pedali kwenye pedi (ile sehemu inayopigwa) baada ya kupiga, inatetemeka na kugusa tena. Kanyaga, achia, irudi yenyewe.

Mimi ilinitesa kanisani (na kwaya nzima inakugeukia!) mpaka nilipogusa springi ya pedali. Legeza nati ya kufungia, zungusha ile ya kurekebisha nusu mzunguko, jaribu, kisha kaza. Ikilegea mno, nyundo itachelewa kurudi.

Ikigoma bado, ingia kwenye mipangilio ya moduli (kile kisanduku kinachotoa sauti za dramu), ongeza kidogo kidogo muda wa kuzuia pigo la pili. Ukizidisha, itameza hata mapigo yako halali ya haraka.

Pedi nayo isiteleze. Yangu imekalia kipande cha zulia.